Fundi wa kamera za kukunja: namna ya kumtafuta na kumpima

Swali: Nimerithi kamera ya kukunja ya babu, Super Ikonta ya Zeiss Ikon inayopiga picha za sentimita 6 kwa 9, yenye lenzi ya Tessar ya milimita 105. Shata ilikuwa inakwama kwenye kasi za chini. Niliipeleka kwa fundi anayetengeneza kamera za kila aina. Imerudi na shata inalia vizuri, lakini picha zote zina ukungu upande wa kushoto, kulia ni safi. Fundi anasema kamera ni ya zamani, ndivyo zilivyo. Je, ni kweli? Na kama si kweli, nitampataje mtu anayezijua kamera hizi?

Jibu:

Ndugu yangu, si kweli. Tessar ya milimita 105 ikikaa mahali pake, ukaibana tundu lake la mwanga hadi f/8 au f/11, inatoa negativu kali kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiifungua kabisa, pembe zitalegea kidogo, ila zitalegea zote nne kwa kiasi kimoja. Upande mmoja ukiwa safi na wa pili una ukungu, tena kwenye kila picha, maana yake lenzi haitazamani sawasawa na filamu. Imeinama. Umri wa kamera hauhusiki hapo. Ama kuna kitu kimepinda, ama kuna kipande kilichotolewa wakati wa kufungua shata na hakikurudi kama kilivyokuwa.

Kamera ya kukunja inamdai fundi kazi tatu. Kuna shata, kile kilango kinachofunguka na kufunga mwanga unapopiga. Kuna mvukuto, ile ngozi ya mikunjo kati ya mwili na lenzi. Na kuna jinsi lenzi inavyokaa mbele ya filamu: iko sambamba nayo, na iko umbali unaotakiwa? Fundi wa kawaida hufanya kazi ya kwanza, akisikia shata inalia sawasawa anafunga bisibisi zake. Ya tatu haigusi, na mara nyingi hata hajui kwamba ipo, kwa sababu kwenye kamera alizozoea lenzi imefungwa kwenye mwili mgumu na haina pa kuinamia. Kwenye kamera yako lenzi inashikiliwa na mikono myembamba ya chuma inayofunguka na kujikunja, na ikishatoka mahali pake hakuna kitakachoirudisha isipokuwa mtu mwenye vipimo. Kwa hiyo usimtafute fundi wa kamera tu. Mtafute yule ambaye kwake kazi haijaisha mpaka amepima fokasi.

Nikupe namba uone ninazungumzia kiasi gani. Kwa negativu ya 6 kwa 9, ukichukua kipimo cha ukali kilichozoeleka, lenzi iliyofunguliwa f/4 inavumilia kosa la sehemu mbili za kumi za milimita hivi, mbele au nyuma ya filamu. Ukiibana hadi f/16 inavumilia karibu mara nne ya hapo. Ndiyo maana mtu anaweza kupiga miaka mingi mchana kweupe kwa tundu dogo asione kasoro yoyote, kisha siku moja akaifungua lenzi, picha ikamkatisha tamaa. Kwa kamera yako, unene wa karatasi mbili za kuandikia ukiingia upande mmoja tu wa shata unatosha kuleta ukungu huo unaouona.

Ninayemshuku kwanza ni mdogo sana. Nyuma ya shata nyingi za aina ya Compur kuna kipini kifupi kinachoingia kwenye tundu au mfereji wa kile kibao kinachobeba lenzi, ili shata isizunguke unapogusa pete zake. Fundi anayeirudisha shata kwa haraka huikaza pete ya nyuma bila kuhakikisha kipini kimeingia. Shata inakaa juu ya kipini, upande mmoja umenyanyuka, na kwa macho huoni kitu. Mshukiwa wa pili ni pete nyembamba za kusawazisha, ambazo kamera nyingi zilikuwa nazo kati ya shata na kibao tangu kiwandani. Zinafanana na takataka, zinanata kwenye grisi kuukuu, na huishia kwenye kitambaa cha kufutia. Kwa hiyo, kabla ya lolote, mpigie simu yule fundi wa kwanza, umuulize kwa heshima kama alipotoa shata alikuta pete yoyote nyembamba nyuma yake, na kama anayo bado. Usimlaumu. Unataka kipande chako tu.

Halafu ijue kasoro wewe mwenyewe. Mafundi wanaozijua kamera hizi ni wachache na foleni zao ni ndefu. Barua inayosema "kamera haifanyi kazi vizuri" hukaa chini ya rundo. Ile inayosema "lenzi imeinama, kushoto inashika fokasi karibu kuliko kulia, kasi za chini zimeshasafishwa" hujibiwa, kwa sababu inamwonyesha fundi kwamba anazungumza na mtu makini.

Kupima ni hivi. Fungua mgongo wa kamera. Utaona reli mbili za ndani zinazopakana na dirisha la picha, na nje yake mbili nyingine zilizoinuka kidogo. Uso wa filamu hukaa kwenye zile za ndani, basi hapo ndipo uweke kipande cha kioo ulichokikwaruza kwa msasa laini, upande uliokwaruzwa ukitazama lenzi. Wapo wanaotumia selotepu isiyong'aa, lakini hubonyea katikati na kudanganya. Simamisha kamera kwenye tripodi mbele ya ukuta wa matofali ulio mbali kama mita 10, itazamane nao sawasawa. Weka shata kwenye T ibaki wazi, lenzi ifungue mpaka mwisho, ujifunike kitambaa cheusi, na utazame kioo kwa lenzi ya kukuzia. Zungusha fokasi polepole mpaka upande mmoja uwe mkali, usome namba ya umbali. Rudia kwa upande wa pili. Kumbuka picha kwenye kioo imepinduka, kwa hiyo kushoto kwa picha zako utakuona kulia. Namba mbili zikitofautiana, umepata ushahidi ambao hakuna fundi atakayeukataa.

Sasa funga kamera, uifungue tena, upime upya. Tofauti ikibaki ile ile, shata imekaa vibaya au kuna chuma kimepinda. Ikibadilika kila unapofungua, mikono imelegea kwenye viungio vyake, na hiyo ni kazi nyingine, ngumu zaidi. Kama ukungu ungekuwa unahama kutoka picha moja hadi nyingine kwenye mkanda uleule, ningeiacha lenzi na kushuku filamu. Ukifungua kamera kwa kishindo mvukuto unavuta hewa na kuifyonza filamu mbele, isikae bapa. Wenye uzoefu hufungua taratibu, na ndipo wanapoisogeza filamu kwenye picha inayofuata, si kabla.

Mvukuto upime chumbani gizani. Fungua kamera, funga shata, ingiza tochi ndogo yenye nguvu kupitia mgongo, ugeuzegeuze ukitazama pembe za mikunjo. Vitundu huanzia pembeni karibu kila mara. Ngozi ya Zeiss Ikon ilikuwa nzuri na mara nyingi hadi leo haipitishi mwanga. Agfa za miaka ya 1950, kama Isolette, ni kinyume chake: nimezoea kudhani mvukuto wake umetoboka mpaka nione vinginevyo. Agfa hizo zina ugonjwa mwingine maarufu, grisi ya kijani kwenye nyuzi za lenzi ya mbele iliyogeuka kuwa gundi, hata pete ya fokasi isigeuke. Anayeilazimisha huzungusha vipande viwili vya lenzi kwa pamoja, na kuanzia hapo namba za umbali hazina maana tena.

Kasi za shata zipime kwa simu inayopiga video ya fremu 240 kwa sekunde. Elekeza simu kwenye lenzi kutoka nyuma, penye mwanga, urekodi, uhesabu fremu ambamo shata iko wazi. Sekunde moja itoe kama 240, nusu sekunde 120, sehemu moja ya kumi 24, sehemu ya 25 kama fremu 10. Juu ya hapo simu haikusaidii, kwani kwa sehemu ya 100 ya sekunde hupati hata fremu tatu kamili, na kosa la fremu moja ni kubwa mno. Kasi hizo mwachie fundi mwenye kipima shata. Usishtuke akikuambia kwamba 400 yako kwa kweli ni 300. Shata hizi hupungukiwa huko juu, nyingine hata zilipokuwa mpya, na filamu ya negativu inasamehe kiasi hicho bila taabu.

Wapo pia wanaotuma kwa fundi kamera isiyo na kasoro yoyote, kwa kutojua tabia zake tu. Compur za zamani, zile zenye pete ya kasi kuzunguka ukingo, hazitegwi, yaani springi yake haikazwi kabla ya kupiga, kwenye B wala T, zile alama za kuiacha shata wazi. Mtego unagoma kwa makusudi, nawe unabonyeza tu. Ile kasi ya juu kabisa inaiita springi ya ziada, kwa hiyo huchaguliwa kabla ya kutega, na ukijaribu baada ya kutega utakuta pete imekuwa ngumu. Acha, usiilazimishe. Kamera nyingi za kukunja zina kufuli ya kuzuia kupiga picha mbili juu ya fremu moja, kwa hiyo kitufe cha juu hakishuki mpaka filamu isogezwe. Kodak Retina za baada ya vita huhesabu kushuka, na kihesabio kikifika mwisho kitufe kinajifunga, hata kama hakuna filamu ndani. Tena Retina haikubali kufungwa mpaka fokasi irudi kwenye alama ya mbali kabisa. Fundi mwaminifu atakuambia hayo kwa simu na asichukue hata senti. Ukimpata wa namna hiyo, mshike.

Tuje kwa fundi sasa. Ushauri wangu mkubwa ni huu: usitafute kwa jina la kamera yako, tafuta kwa jina la shata yake. Compur ilitoka kwa Friedrich Deckel wa München tangu 1912, na Prontor kwa Alfred Gauthier wa Calmbach. Shata hizo mbili na ndugu zao zilifungwa kwenye kamera za makampuni yasiyohesabika, zikiwamo Zeiss Ikon, Voigtländer, Agfa, Kodak ya Ujerumani, Balda na Welta. Anayeijua Compur ya Bessa ya Voigtländer anaijua ya Ikonta. Na miongoni mwao yupo wa aina moja ninayempendekeza kuliko wote: fundi wa Rolleiflex. Rolleiflex ni kamera ya lenzi mbili isiyojikunja, lakini ina Compur ileile, na kibao chake cha mbele chenye lenzi husogea chote unapotafuta fokasi. Kikiinama, picha zinaharibika vilevile kama zako. Fundi wake hupima usambamba kila siku kama sehemu ya kazi. Kwake tatizo lako halitakuwa geni hata kidogo, na Rolleiflex zina wapenzi wengi, hivyo mafundi wake ni rahisi kuwapata kuliko wa kamera za kukunja peke yake.

Baada ya hao, watafute wanaohudumia lenzi za kamera kubwa za filamu za karatasi moja moja, kwani nazo zimefungwa kwenye shata za Compur na Copal ya Kijapani, na watumiaji wao ni wakali kuhusu usahihi wa kasi. Mafundi wa saa za mkono nao hutajwa mara nyingi. Wana mikono ya dhahabu, na ile treni ya gia inayochelewesha kasi za chini wataisafisha vizuri kuliko wengi. Lakini fundi wa saa hana kifaa cha kupimia fokasi, kwa hiyo atakuachia palepale alipokuacha yule wa kwanza. Kama kamera yako ingekuwa na shata mbovu tu na lenzi haijaguswa, ningekuambia nenda. Kwa hali uliyo nayo, hapana.

Majina hayo huyapati kwa matangazo. Waulize wanaopiga picha kwa kamera za kukunja leo, siyo wanaozipanga kabatini. Mkusanyaji ataridhika na kamera inayong'aa na shata inayolia, na atamsifu fundi kwa hayo. Mpiga picha ameona negativu. Ukisikia mtu anamsifu fundi, muulize swali moja tu: baada ya matengenezo, ulipiga lenzi ikiwa wazi kabisa? Akisema ndiyo na picha zilikuwa safi, liandike jina hilo. Angalia pia vyama vya wapenzi wa kamera za zamani na wauzaji wa filamu, maana muuzaji wa filamu husikia malalamiko ya kila mtu.

Ukishampata wa kuzungumza naye, muulize anasafishaje shata. Jibu ninalotaka kusikia ni kwamba anaitoa kwenye kamera, anaifungua, treni ya gia anaiosha peke yake, vijani vya shata na vya tundu anaviacha vikavu kabisa, na mafuta anaweka tone dogo kwenye ekseli chache tu. Akikuambia anamimina mafuta ya kiberiti kupitia mbele mpaka shata iamke, mshukuru na uondoke. Njia hiyo huamsha shata kweli, kwa siku au wiki kadhaa. Uchafu umeyeyushwa tu, haujatolewa. Huteleza na kukauka upya juu ya vijani na kwenye vioo vya ndani ya lenzi. Mtu anayetaja dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu usimpe hata kofia ya lenzi.

Muulize pili anapangaje fokasi baada ya kurudisha lenzi. Hapa ndipo wanapotengana wanaojua na wasiojua. Ajuaye atataja kolimeta, chombo kinachoipa lenzi mistari iliyo kana kwamba inatoka mbali kabisa, au kioo cha ukungu kwenye reli na kitu cha mbali. Kisha, kwa kuwa yako ni Super Ikonta, ongeza swali la kipima umbali. Kamera hii ina mkono mdogo unaosimama mbele ukiwa na prizimu mbili nyembamba zinazozunguka, na gia inayoziunganisha na lenzi ya mbele. Ukigeuza lenzi, prizimu zinageuka, na taswira mbili dirishani zinakutana. Ni ubunifu mzuri mno, na hauharibiki wenyewe kirahisi. Lakini lenzi ya mbele ikitolewa, lazima irudi kwenye uzi uleule ilikotoka, maana nyuzi zake zina mianzo kadhaa na inaweza kuingia kwa njia zaidi ya moja. Moja tu ndiyo sahihi. Fundi mzuri huweka alama ndogo mahali lenzi inapoachia uzi, na atakuambia hivyo kabla hujamaliza swali. Kisha atakueleza utaratibu: kwanza lenzi ipangwe kwenye ∞, alama ya mbali kabisa, kwa kolimeta, ndipo kipima umbali kilinganishwe nayo. Akisema anaanza na kipima umbali na kuifuata kwa lenzi, anarudi nyuma.

Kamera za Moskva za Kisovieti zenye kipima umbali ziliigwa kutoka Super Ikonta, kwa hiyo fundi anayezijua Moskva naye anakufaa, hata kama hajawahi kushika Zeiss.

Muulize tatu anapimaje usambamba. Wengine huilaza kamera reli zikigusa bamba lililonyooka, wakapima kimo cha uso wa shata kwa kalipa kwenye pembe nne. Wengine hutumia kolimeta na kutazama kingo mbili za picha. Zote ni njia nzuri. Ninachoogopa ni kunyamaza, au "huwa natazama kwa macho".

Halafu muombe picha za kazi zake, zikiwa karibu. Tazama vichwa vya skrubu na mifereji ya pete inayoshika lenzi. Pete hizo hufunguliwa kwa ufunguo wa ncha mbili unaorekebishika, na mtu asiye nao hutumia koleo au bisibisi, ambayo huteleza na kuacha mikwaruzo ya nusu duara. Skrubu iliyotafunwa kichwa inakupa wasifu wote wa aliyeifungua. Utazame na ya kwako sasa, nyuma ya lenzi, uone yule wa kwanza alitumia nini.

Na umsikilize anakataa nini. Fundi mwenye ujuzi ana orodha ya asiyoyagusa. Kioo kilichoachana na gundi yake, ile rangi ya upinde wa mvua inayoanzia ukingoni mwa lenzi, wengi hukataa, maana kugandisha upya na kuweka vioo katikati sawasawa ni kazi ya watu wa lenzi. Kuvu iliyokwisha kula kioo haifutiki, unaua kuvu na alama zinabaki. Utando wa ukungu kwenye nyuso za ndani, kwa upande mwingine, ni jambo la dakika chache kwa mtu aliyeshafungua lenzi, na lingekuwa kosa kukutoza kama kazi nyingine. Reki ya kutegea shata kwenye Retina za aina ya IIc na IIIc, ikimenyeka meno, inahitaji spea kutoka kamera nyingine iliyokufa. Na hilo ni swali jingine la kuuliza: una kamera za spea? Zeiss Ikon iliacha kutengeneza kamera 1972. Kiwanda cha kuagiza skrubu hakipo tena. Fundi asiye na sanduku la mizoga ataishia kukuambia usubiri mpaka apate, na kusubiri huko hakuna kalenda.

Mvukuto, kama umetoboka, ujadili peke yake. Rangi nyeusi au utomvu wa kuziba vitundu ni wa kumalizia mkanda uliomo ndani, si matengenezo. Unaongeza unene kwenye pembe, mikunjo inanatana, na vitundu vipya vinafunguka kando. Mvukuto mpya hushonwa, au kwa usahihi zaidi hugandishwa, na watu wachache wanaofanya hilo tu. Wengi wa mafundi huagiza kwao. Cha kuhakikisha ni unene wake ukiwa umekunjwa. Ukizidi wa asili, kamera inafungwa kwa nguvu, na nguvu hiyo inaelemea mikono na kibao cha lenzi. Yaani unaweza kulipia mvukuto na kununua tena kuinama uleule unaoukimbia.

Kuhusu gharama nikuambie waziwazi. Kazi kamili ya mtu stadi inaweza kuzidi bei ya kununua kamera kama hiyo nyingine. Wengi wanapofika hapo hukata tamaa na kununua ya pili, ambayo nayo haijasafishwa miaka 60, na shata yake itakwama mwaka ujao. Kama ningekuwa na Isolette yenye mvukuto uliotoboka, lenzi ya vioo vitatu na fokasi iliyoganda, ningeiacha. Super Ikonta yenye Tessar isiyo na kuvu, tena ya babu, ningeitengeneza bila kujiuliza mara mbili. Omba makadirio ya maandishi, kasi zilizopimwa kabla na baada, na dhamana ya angalau miezi sita, kwa sababu mafuta yaliyozidi hutambaa hadi kwenye vijani taratibu na hayajitokezi wiki ya kwanza.

Ikibidi kuituma kwa posta, hakikisha haina filamu, shata haijategwa, na fokasi iko kwenye ∞, kisha ifunge, kamwe usiitume ikiwa imefunguka. Piga picha namba ya mwili na namba ya lenzi. Kama inavuka mpaka, ulizia forodha kwanza utaratibu wa kitu kinachokwenda kutengenezwa na kurudi, nchi nyingi zinao, ili usitozwe ushuru kwa mali yako mwenyewe. Ndani ya boksi weka karatasi yenye vipimo vyako: namba mbili za umbali, fremu ulizohesabu, na historia ya matengenezo ya kwanza. Mwambie aliyetangulia alifungua nini. Fundi anayejua kwamba shata ilishatolewa atakitafuta kile kipini dakika ya kwanza.

Ikirudi, usiikimbize safarini. Weka mkanda wa 120, utakupa picha nane. Tripodi, ukuta uleule wa mita 10, lenzi wazi kabisa, picha mbili, na kati ya hizo mbili funga kamera uifungue upya. Kisha kitu cha mbali kwenye ∞, picha mbili, moja wazi kabisa na moja f/11. Kisha kitu kilicho mita mbili, ukitumia kipima umbali na siyo namba, picha mbili. Zilizobaki zipige kwa kasi ya chini na ya juu kwenye mwanga uleule, ukibadilisha tundu ili zilingane. Negativu mbili za mwisho zinapaswa kuwa na weusi unaokaribiana. Zitazame negativu zenyewe kwa lenzi ya kukuzia juu ya mwanga, maana skana ina fokasi yake na huleta ukungu wake.

Kama kushoto bado kumelegea, rudisha kamera pamoja na negativu, na uandike kwenye ukingo wa kila moja umbali na tundu ulilotumia. Fundi niliyekueleza hatabishana nawe. Ataziweka juu ya mwanga, atazame kingo mbili, na kuifungua tena.